Jinsi ya kupima masi, ukubwa na halijoto ya nyota pacha zinazofunikana

Masi ya nyota iliyo peke yake hukisiwa tu, haipimwi. Nyota mbili zinazozungukana hupimwa. Zikiwa zimejipanga hivi kwamba obiti yao tunaitazama ubavuni, moja ikawa inapita mbele ya mwenzake na kuikinga, mtu anaweza kupata karibu kila kitu: masi ya kila moja, nusukipenyo, halijoto, uvutano wa usoni, na mwishowe umbali wao kutoka kwetu. Orodha ya DEBCat, ambayo watafiti huitumia kama kipimo cha kazi nzuri, hupokea jozi ambazo masi na nusukipenyo vimepimwa kwa kosa lisilozidi takribani asilimia 2. Lengo hilo linafikika.

Shika jambo moja tangu mwanzo: kila namba ina mlango wake wa kuingilia. Muda wa kupatwa hutoa nusukipenyo, lakini kwa kulinganisha na upana wa obiti tu (yaani umbali kati ya nyota hizo mbili). Kina cha kupatwa hutoa uwiano wa mng'ao wa nyuso. Kasi za nyota ndizo zinazoleta kilomita. Grafu ya mwanga (mng'ao wa jozi kadiri muda unavyokwenda) peke yake haijui kilomita hata moja. Panua jozi nzima mara kumi bila kubadili muda wa mzunguko, grafu itabaki ile ile. Ukijua namba gani imeingia kwa mlango upi, jibu likiharibika utajua pa kwenda kutafuta kosa.

Kuchagua jozi

Wengi huanza na Algol kwa sababu ya umaarufu wake. Kila siku 2.867 hufifia kutoka magnitudo 2.1 hadi 3.4 (namba kubwa ni mwanga hafifu zaidi), kupatwa kukichukua kama saa 10, na ni John Goodricke aliyependekeza mwaka 1783 kwamba huenda kuna kitu kinachoipita mbele. Hermann Vogel alithibitisha kwa spektra (mwanga uliotawanywa katika rangi zake) mwaka 1889. Lakini kwa kujifunzia kupima, Algol ni msumbufu: inang'aa kiasi cha kuijaza kamera, nyota mojawapo imevimba na kumwaga gesi kwa mwenzake, na ipo nyota ya tatu inayozunguka jozi hiyo kwa siku 680.

Tafuta badala yake jozi ya aina ya EA (jina la orodha za nyota kwa jozi zenye mipato iliyo wazi) ambayo grafu yake iko bapa kati ya kupatwa kumoja na kwingine. Ubapa huo ni dalili kwamba nyota hazigusani wala hazijavutana zikawa na umbo la yai. Muda wa mzunguko uwe siku 1.5 hadi 6, mipato yote miwili (kupatwa kukuu, chenye kina zaidi, na kupatwa kudogo) ionekane na kila mmoja uwe na kina cha angalau magnitudo 0.1, na kwa darubini ya sentimita 20 nyota iwe ya magnitudo 8 hadi 11. Angalia pia kama katika uwanja wa picha kuna nyota ya kulinganishia yenye rangi inayokaribiana na ya jozi. Nyota ya bluu ikilinganishwa na nyekundu, grafu huinama taratibu kadiri zinavyoshuka kuelekea upeo wa macho, kwa kuwa hewa hula mwanga wa bluu zaidi.

Kupiga picha

Darubini ya sentimita 15 hadi 20, kamera isiyo ya rangi na kichujio cha V (cha mwanga wa kijani-njano) vinatosha. Muda wa kila picha usipungue sekunde 10 au 20, la sivyo kumetameta kwa hewa kutatawala kipimo. Usizidi pia: pikseli angavu kuliko zote ikae kati ya 30,000 na 40,000 kwenye kamera ya biti 16, ambayo kikomo chake ni 65,535. Karibu na kikomo, kamera nyingi huacha kuhesabu sawasawa kabla hata hazijajaa, na kupatwa huonekana kwa kina pungufu bila onyo lolote. Nyota iking'aa mno, legeza fokasi kidogo badala ya kufupisha muda.

Piga picha 20 za giza kwa muda na halijoto ile ile ya kamera, na picha 20 za anga tupu wakati wa magharibi kwa ajili ya kusawazisha vumbi na vivuli vya lenzi. Anza saa moja kabla ya kupatwa na endelea saa moja baada ya kwisha; sehemu hizo za pembeni ndizo rula ya kupimia kina. Duara la kupimia liwe na nusukipenyo cha mara 1.5 hadi 2 ya upana wa taswira ya nyota kwenye nusu ya kimo chake. AstroImageJ hufanya kazi hii yote. Pima daima nyota ya tatu, ya kukagulia: ikipanda na kushuka pamoja na jozi yako, kilichobadilika ni nyota ya kulinganishia au wingu, si jozi.

Kosa moja linarudia kwa watu wengi: darubini yenye mhimili wa Kijerumani (aina moja ya kishikilio cha darubini) hugeuzwa upande nyota inapovuka meridiani, mstari wa kaskazini hadi kusini unaopita utosini, na grafu huruka ghafla kwa sehemu chache za mia za magnitudo. Nyota imehamia pikseli nyingine, na picha za kusawazisha hazikuwa safi. Kama unaweza, panga usiku ambao mgeuko hautaangukia katikati ya kupatwa.

Saa ya kompyuta iwe sahihi ndani ya sekunde 1, na uandike wakati wa katikati ya picha. Programu nyingi huandika wa mwanzo. Kisha geuza wakati uwe wa kitovu cha mfumo wa jua, yaani BJD (hesabu ya siku mfululizo kama inavyoonekana kutoka kitovu hicho) katika mizani ya wakati ya TDB. Dunia ikiwa upande mmoja au mwingine wa Jua, mwanga huwahi au huchelewa hadi dakika 8.3, na TDB iko mbele ya UTC, saa ya kawaida ya dunia, kwa sekunde 69. Ukichanganya mizani hizo mbili katika jedwali moja utagundua "mabadiliko ya mzunguko" ambayo hayapo.

Asiye na darubini achukue data za TESS, chombo cha angani cha kupima mwanga wa nyota kilichorushwa mwaka 2018, kutoka hazina ya mtandaoni ya MAST. Ni safi na haikatizwi na mchana. Ila pikseli yake moja ina upana wa sekunde 21 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi), kwa hiyo mwanga wa majirani huingia ndani. Na data za miaka miwili ya kwanza zilizokusanywa kila dakika 30 hulainisha kona za kupatwa kufupi. Ukizitumia, mwelekeze modeli (programu inayokokotoa grafu ya kulinganisha na data zako) ifanye wastani wa dakika 30 vilevile.

Muda wa mzunguko

Tafuta wakati wa kati wa kila kupatwa kwa njia ya Kwee na van Woerden: unakunja grafu kwenye wakati fulani na kuona pande mbili zinalaliana vipi. Muda wa mzunguko ni tofauti ya mipato miwili iliyo mbali, ukigawa kwa idadi ya mizunguko. Mipato miwili yenye kosa la dakika 1 kila mmoja, ikitengwa na mizunguko 250, hutoa muda wenye kosa la theluthi ya sekunde. Ndiyo maana data za zamani zina thamani hata zikiwa za ovyo.

Jihadhari na programu za kutafuta marudio. Mipato miwili ikikaribiana kwa kina, zitakupa nusu ya muda halisi. Chora grafu kwa muda uliopewa, kisha kwa mara mbili yake. Ukiona vina viwili tofauti vinapishana, muda mrefu ndio sahihi.

Kama kupatwa kudogo hakuangukii awamu 0.5, yaani nusu ya mzunguko ukihesabu kutoka kupatwa kukuu, obiti si duara. Zidisha tofauti kwa 1.57: kupatwa kwenye awamu 0.52 kunatoa e cos ω ya karibu 0.031 (e ni kiasi obiti ilivyorefuka, ω ni pembe ya mwelekeo wake). Tofauti ya urefu wa mipato miwili ikigawiwa kwa jumla yake hutoa e sin ω, lakini hiyo hupimika kwa shida zaidi.

Kuisoma grafu kwa mkono

Programu itafanya hesabu hii vizuri kuliko wewe, lakini ifanye mara moja kwa kalamu, ili baadaye modeli ikikupa upuuzi uutambue. Chukua jozi ya mfano ya obiti duara, muda wa mzunguko siku 4. (Siku 4 kamili ni kwa urahisi wa hesabu. Angani jozi kama hiyo ni balaa: hupatwa saa ile ile, na kama ni mchana kwako basi ni mchana kwa miezi.)

Kupatwa kukuu kuna kina cha magnitudo 0.56 na kitako chake kimepinda kidogo kama bakuli. Kupatwa kudogo kuna kina cha 0.40 na kitako bapa kabisa kwa dakika 33. Kutoka mguso wa kwanza hadi wa mwisho ni saa 5.66.

Kitako bapa kinasema nyota ndogo, tuiite B, imefichwa yote nyuma ya A. Kilichobaki ni mwanga wa A peke yake. Geuza magnitudo kuwa mwanga:

10^(−0.4 × 0.40) = 0.692
10^(−0.4 × 0.56) = 0.597

Kwa hiyo A hutoa 0.692 ya mwanga wote na B hutoa 0.308. Katika kupatwa kukuu B imepita mbele ya A na kuziba 0.403 ya mwanga wa jozi, yaani 0.403 / 0.692 = 0.582 ya uso wa A. Kipeuo cha pili cha 0.582 ni 0.763: nusukipenyo cha B ni 0.763 ya kile cha A. Hapa tumepuuza kwamba ukingo wa nyota hufifia kuliko katikati yake, na ndicho kinachokipinda kile kitako cha bakuli. Kwa sababu hiyo namba ya mkono huelekea kuzidi kidogo.

Sasa muda. Saa 5.66 ni siku 0.2358 na dakika 33 ni siku 0.0229. Zidisha kila moja kwa π, gawa kwa 4, chukua sin (kwa radiani), kisha ipandishe kwenye kipeo cha pili: 0.03392 na 0.00032. Tofauti ni 0.0336. Kwa mwinamo (i) ulio karibu na nyuzi 90, yaani obiti inayotazamwa ubavuni kabisa, tofauti hiyo ni sawa na 4 × 0.763 × rA², ambapo rA ni nusukipenyo cha A kikigawiwa kwa upana wa obiti. Hivyo rA = 0.105 na rB = 0.080. Mwinamo nao hutoka kwenye (rA + rB)² − cos² i = 0.0339, unaotoa takribani nyuzi 89.

Kupatwa kusipokuwa na kitako bapa, hesabu hii haifanyiki. Jumla ya rA na rB itapimika vizuri, lakini uwiano wao utateleza: nyota mbili zinazolingana, au moja kubwa na nyingine ndogo, hutoa grafu zinazofanana. Hapo utahitaji uwiano wa mwanga kutoka kwenye spektra, kwa kulinganisha nguvu za mistari ya giza ambayo kila nyota huiweka humo, na uingize katika modeli kama sharti. Bila sharti hilo usitangaze nusukipenyo cha nyota moja moja.

Kasi

Hii ndiyo sehemu ghali. Inahitaji spektrografu yenye uwezo wa kutenganisha wa 20,000 au zaidi, na mistari ya nyota zote mbili ionekane. Ukiona ya nyota moja tu, huwezi kupata masi mbili bila kukisia. Kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 500, kasi ya kilomita 100 kwa sekunde husogeza mstari kwa nanomita 0.167 tu.

Elekeza nguvu kwenye awamu 0.25 na 0.75, ambapo nyota ziko mbali zaidi kwa kasi. Spektra 10 hadi 15 zilizogawanywa pande hizo mbili zina faida kuliko 40 zilizotapakaa. Zile za karibu na kupatwa ziache. Mistari huwa imelaliana, na wakati wa kupatwa kwenyewe nyota inayozunguka hufichwa upande mmoja kwanza, kasi ikaonekana kupotoka. Ondoa pia mwendo wa Dunia, unaofikia kilomita 30 kwa sekunde.

Kulaliana kwa mistari ni adui mkubwa kuliko kelele. Mistari miwili iliyogusana huvutana katika hesabu ya ulinganishi, kila moja ikisogea kuelekea mwenzake, na kasi zote hutoka pungufu. Masi hutegemea kasi kwa kipeo cha tatu, hivyo upungufu wa asilimia 1 katika kasi ni asilimia 3 katika masi, na daima kwa upande mmoja; kuongeza spektra hakusaidii. Tumia TODCOR (mbinu inayolinganisha spektra za nyota zote mbili kwa pamoja) au njia ya kutenganisha spektra, kisha jaribu mbinu yako kwa spektra za kubuni ambazo kasi zake unazijua. Tofauti utakayoiona iongeze kama sahihisho.

Katika mfano wetu kasi ya juu ya A ni kilomita 80 kwa sekunde na ya B ni 100. Nzito ndiyo inayokwenda polepole. Kwa obiti duara, kasi (KA na KB) kwa km/s na muda (P) kwa siku, a ikiwa upana wa obiti na M masi:

a sin i = 0.019766 × (KA + KB) × P = 14.23, kwa nusukipenyo cha Jua
MA sin³ i = 1.0361 × 10⁻⁷ × (KA + KB)² × KB × P = 1.343, kwa masi ya Jua
MB sin³ i = hesabu ile ile, KA ikichukua nafasi ya KB ya mwisho = 1.074

Angalia kwamba masi ya A inatumia kasi ya B. Makosa ya kubadilisha herufi hizo ni mengi kuliko watu wanavyokiri. Kwa mwinamo wa nyuzi 89, sin³ i ni 0.9995, kwa hiyo masi hazibadiliki; hata kama ungekosea ukaandika 87, masi ingesogea chini ya asilimia 0.5. Jozi zinazofunikana zina bahati hiyo.

Nusukipenyo sasa ni kuzidisha tu: 0.105 × 14.23 = 1.49 na 0.080 × 14.23 = 1.14. Tumia thamani za Jua zilizokubaliwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia mwaka 2015: kilomita 695,700 kwa nusukipenyo na kelvini 5,772 kwa halijoto.

Halijoto

Katika obiti duara eneo linalozibwa ni lile lile katika mipato yote miwili, hivyo uwiano wa mwanga uliopotea, 0.308 / 0.403 = 0.764, ni uwiano wa mng'ao wa nyuso. Halijoto ya A itoke kwenye spektra au rangi; tuseme kelvini 6,500. Usikimbilie kanuni ya kipeo cha nne (mng'ao hukua kama halijoto kwa kipeo cha nne), maana ni ya mwanga wote na wewe umepima kwa kichujio. Kwa V, kipeo cha kitu cheusi (kitu cha kinadharia ambacho mwanga wake hutegemea halijoto tu) ni karibu 4.2 kwenye kelvini 6,300, kama 6.5 kwenye 4,000, na 2.8 kwenye 10,000. Hapa: 0.764 kwa kipeo cha 1/4.2 ni 0.938, na B inapata kelvini 6,100. Uwiano huu ni imara kuliko halijoto yenyewe: ukikosea A kwa kelvini 100, B itakosea nayo karibu kiasi hicho hicho.

Modeli

Kwa nyota zilizo karibu na umbo la tufe tumia programu ya JKTEBOP. Zikiwa zimevutika, PHOEBE au programu ya Wilson na Devinney. Anza na namba za mkono. Acha huru jumla ya nusukipenyo, uwiano wake, mwinamo, uwiano wa mng'ao, muda wa mzunguko na wakati wa kupatwa. Kufifia kwa ukingo kuachie namba moja huru na nyingine ifunge. Mwanga wa tatu, yaani usio wa jozi, uufungue mwisho, kwa sababu hugombana na mwinamo: nyota ya jirani iliyoingia kwenye duara hupunguza vina vyote viwili, na modeli isiyoijua hudhani jozi imeinama zaidi.

Makosa yanayoandikwa na programu mwishoni mwa mlinganisho ni madogo mno, kwani hudhani kila nukta ni huru. Usiku mmoja wa hewa mbaya huvuta nukta mia kwa pamoja. Fanya majaribio ya Monte Carlo (kurudia hesabu kwa data za kubuni zenye kelele ya bahati nasibu) 1,000 au zaidi, na rudia pia kwa kusogeza mabaki, yaani tofauti kati ya data na modeli, nukta moja moja. Chukua kosa kubwa kati ya hayo mawili. Kisha pima kila usiku, au kila kipindi cha TESS, peke yake. rA ikitofautiana kuliko makosa yanavyoruhusu, kuna madoa ya nyota au usindikaji wa data umeharibika.

Umbali kama kipimo cha kukagua

Nguvu ya mwanga ni R² × (T / 5,772)⁴. A inatoa 3.6 ya Jua na B 1.6, jumla 5.2, ambayo ni magnitudo halisi (ile ambayo ingeonekana kutoka parsek 10) ya takribani 2.95. Kwenye halijoto hizi sahihisho la kichujio cha V ni karibu na sifuri. Jozi ikionekana kwa magnitudo 9.0 bila vumbi njiani, iko kwenye parsek 160 hivi (kama miaka ya nuru 520), na paralaksi yake, yaani kusogea kwake angani Dunia ikizunguka Jua, inapaswa kuwa kama 6.2 za elfu za sekunde ya tao.

Linganisha na paralaksi iliyopimwa na chombo cha angani cha Gaia. Kosa la kelvini 100 kwa nyota zote mbili husogeza umbali kwa asilimia 3, hivyo tofauti ya kiasi hicho isikusumbue. Ikizidi, shuku kwanza vumbi la anga, ambalo pia hukufanya uone nyota baridi kuliko ilivyo kama halijoto umeitoa kwenye rangi. Halafu tazama namba ya RUWE, kipimo cha ubora wa paralaksi, kwenye orodha ya Gaia. Ikiwa juu ya 1.4, paralaksi yenyewe haiaminiki na huenda kuna nyota ya tatu. Rudi kwenye modeli ufungue mwanga wa tatu.